Je, Injini ya Turbo Inahitaji Kopo la Oili?

Fungua boneti ya Golf TSI, Levorg au Forester XT iliyopitia mikononi mwa kijana anayependa mwendo, iwe Nairobi, Arusha au Dar es Salaam, na mara nyingi utakuta kopo la alumini limefungwa karibu na betri, mipira miwili imechomekwa juu yake. Mwenye gari atakueleza kwamba bila kopo hilo, injini ya turbo inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hujaa kaboni na kuchoka mapema. Fundi wa jirani atakwambia ni pambo, kwamba lingekuwa na kazi kiwanda kingeliweka chenyewe. Ubishi wao hauishi kwa sababu kila mmoja ana injini tofauti kichwani.

Msimamo wangu nautaja mapema. Gari la petroli lenye turbo ambalo halijaongezwa nguvu, na ambalo oili yake inamwagwa kwa wakati, halihitaji kopo. Pikapu na magari makubwa ya turbo ya dizeli yananufaika nalo kuliko watu wengi wanavyodhani, ingawa mjadala karibu wote unahusu magari ya petroli. Na mtu ambaye hatakuwa na tabia ya kulifungua na kulimwaga asilifunge kabisa, kwa sababu kopo lililojaa au kuziba linaweza kuharibu injini ambayo ingebaki salama.

Tuanzie chini, kwenye sampu. Hakuna ringi ya pistoni inayoziba kabisa. Kila mchanganyiko wa hewa na petroli unapowaka, gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kushuka mahali krankishafti inapozungukia. Hushuka pamoja na petroli isiyoungua, masizi, tindikali na maji. Hilo la maji huwashangaza wengi, lakini ni kemia ya kawaida: lita moja ya petroli ikiungua yote huzaa maji yanayokaribia lita moja. Sehemu kubwa hutoka kama mvuke kwenye ekzosi, na kidogo huteremka kwenye oili. Huko chini krankishafti inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, ikiitimua oili hadi inageuka ukungu. Gesi hiyo yote lazima ipate pa kutokea, la sivyo shinikizo hupanda na kusukuma oili kwenye sili na gasketi.

Zamani suluhisho lilikuwa bomba tu, limeelekezwa chini ya gari, likitema mvuke na matone barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Arie Haagen-Smit wa Caltech alionyesha kwamba ukungu mchafu uliokuwa ukiwawasha macho watu wa Los Angeles ulitokana na jua kuipiga mivuke ya petroli na moshi wa magari. Muongo uliofuata ulipoanza, California ikawa ya kwanza kusukuma watengenezaji waurudishe mvuke wa sampu ndani ya injini ili uungue. Hapo ndipo vali ya PCV ilipoenea, na tangu wakati huo kila injini inakula mvuke wake yenyewe. Kopo tunalolibishania hufungwa katikati ya safari hiyo, kati ya sampu na mahali mvuke unapoingilia kwenye njia ya hewa, likikusudiwa kunasa matone ya oili na kuiachia gesi iendelee.

Kwenye injini isiyo na turbo safari hiyo ni nyepesi. Menifodi ya kuingizia hewa ina mvuto karibu muda wote, na mvuto huo unanyonya mvuke kupitia vali ya PCV. Turbo ikiingia, njia zinakuwa mbili. Ukiendesha taratibu, menifodi bado ina mvuto na mvuke hupita njia ile ile. Ukikanyaga, menifodi inajaa hewa iliyoshinikizwa, vali ya kuzuia kurudi inafunga, na mvuke unalazimika kupita njia ya pili, ile inayotokeza kwenye bomba la hewa kabla ya turbo. Turbo inaunyonya, inaupiga pamoja na hewa safi, unapita kwenye intakula inayoipoza hewa hiyo, ndipo unafika kwenye silinda. Ndiyo maana ukivua mpira wa intakula wa gari lolote la turbo lililotembea, utakuta utando wa oili ndani. Utando mwembamba si dalili ya ugonjwa. Kuna watu wameuziwa turbo mpya kwa kuonyeshwa utando huo peke yake, na inauma kuona fedha ya mtu ikipotea hivyo.

Mpaka hapo hakuna sababu ya kuogopa. Injini za turbo za miaka ya 1980 na 1990 zilikula ukungu wa oili maisha yao yote, na valvu zao zikabaki safi kiasi cha kuridhisha, kwa sababu nozo zilikuwa kwenye menifodi, zikipuliza petroli nyuma ya valvu. Petroli ni kisafishio kizuri. Kila mpulizo uliosha oili iliyotua pale kabla haijaganda.

Upulizaji wa moja kwa moja uliondoa josho hilo. Nozo sasa iko ndani ya silinda, inapuliza kwa shinikizo la bar 150, 200, hata 350 kwenye injini za karibuni, na nyuma ya valvu hupita hewa tu pamoja na ule ukungu. Valvu ya kuingizia hewa hupata joto linalozidi nyuzi 200. Oili ikitua hapo hukauka, tabaka juu ya tabaka, kama ukoko wa wali kwenye sufuria iliyosahauliwa mekoni. Ukichomeka kamera ndogo ya gereji kwenye tundu la menifodi ya gari lililotembea kilomita 100,000 bila kusafishwa, unaweza kukuta shina la valvu limenenepa hadi halionekani, limevikwa donge jeusi lenye uso wa makaa, na pembeni pana unyevu wa oili mbichi inayosubiri zamu yake ya kukauka. Hewa haipiti tena kama ilivyopangwa. Gari linaanza kumisi asubuhi likiwa baridi, mlio wa kusimama unatetemeka, nguvu zinapungua kidogo kidogo hadi mwenyewe azoee na asijue alichopoteza.

Afrika Mashariki iliijua teknolojia hii mapema. Mitsubishi ilitoa injini ya GDI kwenye Galant mwaka 1996, na mwaka huo huo Toyota ikaleta D-4. Magari hayo yalipofika kwetu kama mitumba, injini ya D4 ikapata jina baya, na mpaka leo wapo wanunuzi wakiona maandishi hayo juu ya injini wanafunga boneti na kuondoka. Lawama zilikuwa nyingi na si zote zilihusu kaboni. Pampu ya shinikizo kubwa na nozo zake hazikustahimili mafuta machafu, na mafundi walikuwa hawajafundishwa kuzitengeneza. Lakini kaboni ilikuwepo, kwenye throto na kwenye menifodi, na jambo la kuzingatia ni kwamba injini hizo hazikuwa na turbo. Ziliziba kwa sababu ya namna petroli ilivyopulizwa na wingi wa moshi wa ekzosi uliorudishwa ndani ya injini kupitia vali ya EGR. Anayesema turbo ndiyo mama wa kaboni hana budi kuieleza D4 kwanza.

Leo tuko kwenye wimbi la pili, kubwa kuliko la kwanza. Kenya haipokei gari la mtumba lenye umri unaozidi miaka 8, na Tanzania huyatoza magari ya zamani ushuru wa ziada, kwa hiyo yanayoshuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam ni yale ya kipindi ambacho viwanda vya Ulaya na Japani vilipunguza ukubwa wa injini na kufidia kwa turbo: Golf za lita 1.2 na 1.4, Levorg ya lita 1.6, Vezel ya turbo ya lita 1.5, Mercedes na BMW za silinda 4. Mtu aliyezoea Corolla ya nozo za menifodi anaingia kwenye ulimwengu mwingine bila kuambiwa.

Sasa turudi kwenye kopo, na swali lenyewe: donge lile la valvu linatoka wapi? Hapa ndipo wauza makopo hukatisha maelezo. Oili hufika nyuma ya valvu kwa njia zaidi ya moja. Iko ya mvuke wa sampu, hiyo kopo linaihusu. Iko inayoteremka kwenye shina la valvu yenyewe, kupitia sili ya valvu, kwa sababu shina likikauka kabisa litakwama. Gari likizeeka na sili zikawa ngumu, kiasi hicho huongezeka. Halafu kuna moshi. Injini nyingi za kisasa zinaweza kubadili wakati wa kufungua valvu zikiwa zinatembea, na kuna nukta ambapo valvu ya kuingiza na ya kutoa huwa wazi kwa pamoja, hivyo masizi kidogo yakarudi upande wa kuingizia na kunata kwenye oili iliyopo. Kopo haligusi njia hizi mbili za mwisho.

Hata kwenye njia yake, linanasa matone. Sehemu ya oili inayosafiri ikiwa mvuke hasa hupita ndani ya kopo bila kusimama, ipoe mbele na kutua huko. Kopo lililofungwa karibu na turbo au ekzosi, mahali pa moto, linanasa kidogo kuliko lililofungwa mbele linakopigwa na upepo. Na kopo tupu lisilo na kitu ndani, ambalo mvuke unaingia tundu moja na kutokea la pili, ni bati tu la bei ghali. Linalofanya kazi lina kuta za ndani za kuugeuza mvuke njia na wavu mzito au chujio la kuunganisha matone madogo yawe makubwa yaanguke.

Kuna injini ambazo kwazo kopo la kawaida halina hata pa kufungwa. BMW N55, ile ya silinda 6 yenye turbo moja iliyowekwa kwenye 335i na X5, hurudisha mvuke wa mwendo wa taratibu kupitia vijia vilivyotobolewa ndani ya silinda hedi yenyewe hadi kwenye matundu ya kuingizia hewa. Mpira unaoonekana kwa nje ni wa njia ya pili tu, ya wakati wa kukanyaga. Mtu akifunga kopo kwenye mpira huo, atanasa oili kidogo na kufurahi kuiona, huku njia inayotumika muda mrefu zaidi wa safari ikiendelea kama zamani. Kosa hili lipo kwenye magari mengi ya turbo, si BMW peke yake: watu wanafunga kopo moja kwenye mpira ulio rahisi kufikika. Kwa gari la mjini linalokaa kwenye foleni ya Mombasa Road au Ubungo, njia ya menifodi ndiyo inayofanya kazi karibu siku nzima.

Viwanda vilishajua tatizo la kaboni, na jibu lao linaonyesha walikotazama. Toyota tangu 2005 ilianza kuweka nozo za aina mbili kwenye injini moja, za silinda na za menifodi, mfumo inaouita D-4S. Ford ikafanya hivyo kwenye EcoBoost ya lita 3.5 ya F-150 ya mwaka 2017. Injini ya Toyota ya 8AR-FTS, inayopatikana kwenye Lexus NX200t, Crown ya lita 2.0 na Harrier ya turbo iliyotoka 2017, ina nozo zote mbili. Sababu zao hazikuwa kaboni peke yake, maana mfumo huu hupunguza masizi ya ekzosi na kulainisha injini ikiwa baridi, lakini matokeo kwa valvu ni kwamba josho limerudi. Mwenye Harrier ya turbo akiniuliza kuhusu kopo, namwambia fedha hiyo aitunzie oili.

Na oili ndiyo mahali ambapo, kwa maoni yangu, mtu wa kawaida anashinda au kushindwa. Kuna kipimo kiitwacho Noack: oili huchemshwa kwa nyuzi 250 kwa saa moja na kupimwa ni asilimia ngapi imepotea kama mvuke. Viwango vya API kwa oili nyepesi za kisasa huruhusu hadi asilimia 15. Viwango vya Ulaya vya ACEA C3 haviruhusu kuzidi 13. Oili nzuri ya sintetiki hushuka chini zaidi. Oili ambayo haikuvukiza haiwezi kufika kwenye valvu kama mvuke, na hakuna kopo linaloweza kushindana na hilo. Kadi za maelezo ya oili zinazotolewa na watengenezaji huandika namba hii, lakini ni wateja wachache wanaoiulizia dukani; wengi huuliza namba ya uzito na bei.

Kiwango cha API SP, kilichoanza Mei 2020, kina umuhimu wake wa pekee kwa turbo za kupuliza moja kwa moja. Kinadhibiti mlipuko wa mapema katika mwendo wa chini, ule unaotokea ukikanyaga sana gia ikiwa kubwa na mzunguko ukiwa mdogo, ambapo tone la oili na petroli huwaka kabla ya plagi. Mlipuko mmoja wa aina hiyo unaweza kuvunja pistoni. Watafiti waligundua kuwa kalsiamu nyingi kwenye oili iliuchochea, wakabadili viungo. Mtu anayenunua kopo na wakati huo huo anajaza oili ya kiwango cha zamani, iliyokusudiwa injini za nozo za menifodi, anapigana na adui mdogo na kumfungulia mlango aliye mkubwa.

Halafu muda wa kumwaga. Vitabu vya Ulaya huandika kilomita 15,000 au zaidi. Hesabu hiyo imetoka kwenye barabara ndefu zisizo na foleni na vumbi. Injini za kupuliza moja kwa moja huchuruzisha petroli kwenye kuta za silinda zikiwa baridi. Honda ilipata taabu ya wazi na injini yake ya lita 1.5 ya turbo kwenye sehemu za baridi za Uchina na Marekani, oili ikiongezeka kwa petroli badala ya kupungua. Safari za dakika 10 za kupeleka watoto shule Limuru au Njombe mwezi Julai zina tabia hiyo hiyo: injini haipati joto la kutosha kukausha petroli na maji. Oili iliyochanganyika na petroli huvukiza zaidi. Kilomita 5,000 hadi 7,500 ni muda unaoeleweka kwetu, na gharama yake kwa mwaka si ndogo, nalijua hilo, lakini inaokoa ringi, cheni ya taiming na turbo yenyewe pamoja na valvu.

Vumbi nalo lina sehemu ambayo sioni ikitajwa. Chujio la hewa likiziba, turbo inalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, mvuto kwenye bomba la kabla ya turbo unaongezeka, na mvuto huo unanyonya oili zaidi kutoka sampu. Nyanda za juu zinaongeza mzigo huo. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na turbo inabidi izunguke kwa kasi zaidi kutoa shinikizo lile lile ambalo Mombasa ingelipata kirahisi. Gari la Nairobi au Eldoret linalopita barabara za udongo na chujio lililojaa vumbi litajaza kopo haraka, na mwenyewe atadhani kopo linafanya kazi nzuri wakati dawa ilikuwa chujio.

Kabla ya kununua chochote, vali ya PCV ikaguliwe. Kwenye injini nyingi za Ulaya imeunganishwa na kitenganishi cha oili, yaani kiwanda kimeshaweka kopo lake, dogo, lililojificha ndani ya mfuniko wa valvu, linalorudisha oili kwenye sampu bila mtu kulimwaga. Ndani yake mna kiwambo chembamba cha mpira. Kikichanika, injini inavuta hewa na oili bila kipimo. Dalili zake zinasikika: filimbi nyembamba gari likiwa limesimama linaunguruma, mfuniko wa oili unaong'ang'ania kufunguka kwa sababu ya mvuto mkali, moshi wa bluu baada ya kusimama kwenye taa. Kopo jipya juu ya kiwambo kilichochanika linaficha ugonjwa kwa miezi kadhaa. Kadhalika injini inayokula oili kwa ringi: toleo la pili la EA888 ya Volkswagen na Audi, la karibu 2008 hadi 2011, lilijulikana kwa ringi za oili zilizokuwa nyembamba mno na kuziba. Hapo hakuna kopo litakalosaidia.

Kaboni ikishakuwepo, iondolewe kwa mkono. Dawa za kumimina kwenye tangi hazifiki nyuma ya valvu kwenye injini hizi, kwa sababu ile ile iliyoleta tatizo. Zinasafisha nozo, na hilo ni jema, basi. Mashine za hidrojeni zinazotangazwa kama dawa ya kaboni nazo zinafanya kazi ndani ya silinda, na donge la nyuma ya valvu linabaki pale pale. Njia iliyothibitika ni kuvua menifodi na kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa kwenye tundu ambalo valvu yake imefungwa. Maganda ni magumu kiasi cha kung'oa kaboni na laini kiasi cha kutokwaruza chuma. Gereji yenye vifaa huifanya kazi hiyo ndani ya siku moja. Ukilinganisha gharama hiyo ya mara moja katika kilomita 80,000 au 100,000 na kopo lililofungwa vizuri pamoja na mipira yake, tofauti si kubwa, na kopo halikuondolei haja ya kusafisha, linaisogeza mbele.

Wapo wanaolihitaji kweli kopo kwenye petroli. Aliyeongeza shinikizo la turbo kwa programu ameongeza pia gesi inayopenya ringi. Ukungu wa oili ukiingia silinda hushusha uwezo wa petroli kuhimili shinikizo bila kugonga, kompyuta inarudisha nyuma wakati wa kuwasha, na nguvu alizozilipia zinapotea. Gari la mashindano ni kisa kingine: kanuni za FIA za Kiambatisho J hudai kwamba mfumo wa kupumulia ulio wazi uishie kwenye kopo, lita 2 kwa injini zisizozidi sentimita za ujazo 2,000 na lita 3 kwa zinazozidi, tena liwe la plastiki inayopitisha mwanga au lenye kidirisha ili kilichomo kionekane. Lengo pale ni oili isimwagike njiani mbele ya wengine. Vijana wengi wameiga kopo la mashindano bila kuiga sababu, na kuliacha wazi likitoa mvuke hewani. Ukifanya hivyo umerudi kwenye bomba la Los Angeles: harufu ya petroli inaingia ndani ya gari, na sampu haivutwi tena, kwa hiyo maji na tindikali vinabaki kwenye oili.

Hofu ya maji nayo ilichangia kuuza makopo. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilichunguza malalamiko ya F-150 za EcoBoost zilizopoteza nguvu ghafla siku za unyevunyevu. Maji yalikuwa yakijikusanya kwenye intakula na kumezwa kwa mkupuo dereva akikanyaga. Wenye magari wakakimbilia makopo. Lakini maji yale yalitokana na unyevu wa hewa ya nje uliopoa ndani ya intakula, na hewa hiyo haipiti kwenye kopo.

Kwenye dizeli mizani inabadilika. Turbo ya dizeli, iwe Hilux, Prado, D-Max au CX-5, haitegemei mvuto wa menifodi kunyonya mvuke wa sampu. Mara nyingi kuna mpira mmoja tu, unatoka juu ya injini na kuingia kwenye bomba la kabla ya turbo. Kopo likifungwa hapo linakutana na mvuke wote, mwendo wa taratibu na wa kasi. Na upande wa pili wa menifodi kuna EGR inayoleta masizi makavu. Masizi makavu peke yake yangepita kwa wingi. Oili peke yake ingebaki utando. Vikikutana vinakuwa lami. Menifodi za dizeli zilizofunguliwa baada ya miaka mingi huonyesha tundu lililobaki robo ya upana wake, ukilikwangua kwa bisibisi linatoka gamba nene lenye mafuta. Kopo linaiondoa gundi. Wengi wetu tumeamua kuziba EGR kabisa ili menifodi ibaki safi, tukiongeza gesi za sumu mijini. Kopo zuri linapata sehemu kubwa ya faida hiyo bila kuharibu mfumo. Malori makubwa ya Ulaya hutoka kiwandani na vitenganishi vya aina hii, vingine vinavyozunguka kwa kasi, na kule Australia chujio la Mann+Hummel liitwalo ProVent 200 limekuwa kifaa cha kawaida kwenye Land Cruiser na Hilux za mashambani. Lina chujio la kubadilisha na vali ya kuachia shinikizo likiziba, vitu viwili ambavyo kopo la bei rahisi halina.

Vali hiyo ya kuachia ina uzito wa pekee. Oili inayolainisha turbo hurudi sampu kwa kuteremka tu, hakuna pampu inayoivuta. Kopo likiziba au mpira wake ukibonyea, shinikizo la sampu linapanda, oili ya turbo inakosa pa kushukia na kupenya sili zake hadi kwenye hewa na ekzosi. Gari linatoa moshi wa bluu, turbo inahukumiwa, na mpira uliobonyea kwa joto ndio mkosaji. Mipira ya maji na ile inayopitisha mwanga hulainika ikikutana na oili ya moto. Inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya oili, yenye ukuta usiobonyea kwa mvuto, na upana usiopungua ule wa mpira wa kiwandani. Kwa dizeli hatari ni zaidi, kwa kuwa oili ya kopo lililojaa ikimezwa na turbo, injini inaweza kuiunguza oili hiyo kama mafuta na kupanda mzunguko bila kuzimika kwa ufunguo. Mwenye CX-5 ya dizeli aangalie pia kijiti cha oili: Mazda imeweka alama ya X juu ya ile ya kujaa, kwa sababu usafishaji wa chujio la masizi huteremsha dizeli kwenye oili na kuiongeza. Oili ikikaribia X, imwagwe kwanza.

Unapolimwaga kopo, usishtuke ukiona kitu cha rangi ya chai ya maziwa chenye harufu ya petroli. Asubuhi za baridi sehemu kubwa yake ni maji. Cheusi kizito kinachojaa nusu ya kopo kila wiki ndicho kinachohitaji fundi, na kipimo cha mgandamizo wa silinda.

Ukienda kununua gari la mtumba na kulikuta na kopo tayari, muulize muuzaji lilifungwa lini na kwa nini. Kisha injini ikiwa ya moto na inaunguruma, fungua mfuniko wa oili. Pumzi nyepesi au mvuto mdogo ni kawaida. Ikitoka gesi kwa msukumo na matone yakirukia mkono, fungua na kopo lenyewe uone lina nini, kabla hamjaanza kuzungumza bei.